Macho makavu Mombasa: ununue nini, na nini ukiache dukani

Ukiingia duka la dawa Digo Road useme tu "nipe dawa ya macho, yananichoma," mara nyingi utatoka na moja kati ya vitu viwili: chupa ya kuondoa wekundu, au antibayotiki iliyochanganywa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya ukavu. Bora ujue unachokitaka kabla hujafika kaunta.

Watu huuliza: mji una unyevu hivi hadi nguo hazikauki, macho yatakaukaje? Unyevu uko nje. Ndani kuna kiyoyozi cha ofisi kutoka asubuhi hadi jioni, na usiku feni inapuliza uso moja kwa moja. Anayeendesha bodaboda bila kioo cha helmeti anakula upepo wa kusi njia nzima, na wa Changamwe anaongezewa vumbi la malori. Ukitazama simu, nako kupepesa kunapungua hadi nusu au chini ya hapo.

Halafu kuna jambo la mafuta. Machozi si maji matupu: chini kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati maji, juu utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasiruke hewani. Mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vilivyopangwa ukingoni mwa kope, nyuma tu ya nywele zake. Vikiziba, maji hukauka haraka hata kama unayo ya kutosha. Jicho likishachokozeka hivyo hububujika, ndiyo maana mwenye macho makavu hulalamika kuwa machozi yanamtiririka sokoni.

Simama mbele ya kioo, pepesa mara moja, kisha kodoa na uhesabu. Yakianza kuchoma kabla ya kumi, utando huenda unapasuka mapema. Si kipimo cha daktari, lakini kinakuelekeza. Ikiwa tatizo kubwa ni kuwasha, kule kwa kutaka kuyafikicha, huo ni mzio zaidi kuliko ukavu. Hapo muulize mfamasia kuhusu olopatadini, matone ya mzio.

Nafasi ya kwanza: taulo ndogo

Pengine unayo tayari. Kwa wengi, ambao shida yao ni mafuta yaliyoganda, hakuna chupa inayoishinda. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo ngozi ya ndani ya mkono inayavumilia, kama nyuzi 40 hivi, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili, kwa hiyo chovya tena na tena hadi zitimie dakika kumi. Kisha kwa kidole safi sukuma taratibu: kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, siku zote kuelekea kwenye nywele. Futa ukingo kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Fanya mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, baadaye mara moja.

Wanaosema haikuwafaa kwa kawaida waliacha baada ya dakika moja. Mafuta hayajayeyuka, umeosha uso tu.

Na wanja. Ukiupaka kwenye ule mstari mbichi wa ndani, unaziba vitundu vilevile unavyojaribu kuvifungua. Upake nje ya nywele za kope, uutoe kabla ya kulala. Baadhi ya wanja wa unga huwa na madini ya risasi, hivyo usiokuwa na lebo uache.

Nafasi ya pili: matone ya machozi bandia, kwa kuhesabu mara ngapi

Hapa jina kubwa la kampuni halikusaidii. Soma maandishi madogo ya viambato na kihifadhi, yaani kinachozuia vijidudu kuota ndani ya chupa.

Ukitia hadi mara nne kwa siku, chupa ya mililita 10 ya kaboksimethiliselulosi, inayofupishwa CMC, ya asilimia 0.5 inatosha. Piga hesabu: chupa kama hiyo ina matone kama 200 hadi 250. Macho mawili mara nne ni matone nane, siku 28 ni 224. Nyingi za aina hii hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, kwa hiyo dawa na muda wake vinakwisha pamoja. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya chupa yenyewe. Boksi hupotea.

Ukitia zaidi ya mara nne kwa siku, au unavaa lenzi, au tayari unatumia dawa za presha ya macho, nunua isiyo na kihifadhi. Kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniumu kloraidi, huua vijidudu na vilevile hukwaruza uso wa jicho kikirudiwa rudiwa: unajitibu huku unajiumiza. Kama mfuko unaruhusu, chaguo letu hapa ni sodiamu hayaluroneti ya asilimia 0.1 hadi 0.2, inayoshika maji na kukaa kwenye jicho muda mrefu kuliko dawa za bei ya chini. Huja kwenye vichupa vya mililita 0.4 vya kuvunja shingo, au kwenye chupa yenye vali au kichujio. Vichupa vingine ni vya kutumia mara moja na kutupa, vingine vina kifuniko na hudumu saa 12 au 24. Soma kabla ya kulipa, kwani ndipo bei halisi ya siku ilipojificha.

Usinunue chupa ya kawaida iliyoandikwa haina kihifadhi bila kuuliza kinachozuia vijidudu kuingia. Mwaka 2022 hadi 2023 nchini Marekani, mlipuko wa bakteria sugu ulihusishwa na machozi bandia ya chupa za aina hiyo: watu 81 waliambukizwa, 14 walipungukiwa na uwezo wa kuona au kupofuka, wanne walitolewa jicho na wanne walifariki.

Haipromelosi ya asilimia 0.3 ni ya bei nafuu lakini huondoka upesi. Ifae siku ya vumbi tu.

Ya usiku

Anayelala chini ya feni, au asiyefumba kabisa usingizini, huamka na mchanga machoni. Kwanza geuza feni. Kisha jeli ya kabomeri ya asilimia 0.2, tone moja, au marhamu ya parafini, mstari wa sentimita moja ndani ya kope ya chini. Marhamu hukaa zaidi ila utaamka na ukungu, kwa hiyo dereva wa alfajiri achague jeli. Marhamu ya tetrasaiklini ni antibayotiki, haichukui nafasi ya hayo ya parafini.

Acha dukani

Matone ya kuondoa wekundu, yenye nafazolini au tetrahaidrozolini, hubana mishipa ya damu. Nguvu ikiisha wekundu hurudi mkali zaidi, unaongeza tone, na mzunguko unaanza. Steroidi kama deksamethasoni ni hatari zaidi kwa sababu hutuliza haraka, hivyo mtu anairudia bila cheti cha daktari, huku presha ya jicho ikipanda kimyakimya na mtoto wa jicho akikua. Kama konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ilichomwa na jani shambani, steroidi hulisha kuvu.

Vidonge vya mafuta ya samaki: utafiti wa DREAM wa 2018 ulitoa miligramu 3,000 kwa siku kwa mwaka mzima, na havikushinda mafuta ya zeituni. Hela hiyo kanunulie samaki mwenyewe.

Kununua na kutia

Nunua penye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, si kwa mchuuzi wa foleni ya feri. Kagua muhuri na tarehe, na kataa chupa iliyokaa dirishani juani. Kwako pia, usiiache ndani ya gari.

Nawa mikono, vuta kope ya chini iwe kimfuko, tia tone moja, fumba dakika moja. La pili halina pa kukaa, litamwagika shavuni. Ncha isiguse jicho wala kope. Dawa mbili zipishane dakika tano, marhamu mwisho. Lenzi irudi baada ya dakika 15.

Usinunue kitu, nenda kliniki siku hiyohiyo, ukiwa na maumivu makali, mwanga unaumiza, uoni umeshuka, kuna doa jeupe kwenye konea, au lenzi imeacha jicho jekundu. Mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri wakati wa magharibi huenda amepungukiwa vitamini A, na huyo hangoji kesho. Wengine, kama wiki nne za taulo na matone hazijaleta nafuu, nenda Hospitali Kuu ya Pwani au kituo cha macho cha Lighthouse for Christ. Beba dawa zako zote, za kumeza pia: setirizini na Piriton za mafua na mzio hukausha macho, na hizo hakuna anayezitaja asipoulizwa.