Gundi za mapambo ya Krismasi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwezi wa 11 ukifika, maduka ya vifaa vya shule hupanga mbele manila za rangi, glita na vijiti vya aiskrimu. Gundi hukaa rafu ya nyuma, na mzazi huchukua yoyote. Kumbe pambo la mtoto mara nyingi hubanduka kwa sababu gundi haikulingana na kitu kilichobandikwa. Hapa tumezipima kwa kazi tatu: nyota ya vijiti, mnyororo wa karatasi na Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba.

Kama pesa inatosha gundi moja tu, nunua gundi nyeupe ya maji, jamaa ya ile wanayotumia maseremala. Hukauka ikawa angavu, haina harufu kali, na ikiwa bado mbichi hutoka mkononi kwa maji. Kwa nyota unahitaji vijiti 6 vya kawaida, vyenye urefu wa sentimita 11 na ushee. Unganisha pembetatu mbili, ziache zikauke, kisha laza moja juu ya nyingine ikiwa imegeuzwa. Kila pembe itiwe tone lisilozidi punje ya choroko. Watoto hupenda kumimina, na gundi ikizidi vijiti huteleza na pembetatu hupinda. Funika kwa kipande cha nailoni, weka kitabu kizito juu, acha nusu saa. Pwani kukiwa na unyevunyevu, acha zaidi. Rangi ya maji ipakwe kabla ya kubandika, kwa kuwa haishiki penye gundi iliyokauka na nyota hubaki na mabaka.

Udhaifu wake uko kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa maji ya gundi upande mmoja, ikajikunja na kufanya mawimbi. Hapo gundi kavu ya kuzungusha kitako ndiyo bora. Kata A4 kwa upana wake, vipande vya sentimita 3 kwa 21. Karatasi moja hutoa 9. Ukipishanisha ncha kwa sentimita 2, kila pete huwa na kipenyo cha sentimita 6 hivi, kwa hiyo karatasi mbili hutosha mnyororo wa mita moja na kidogo. Ila usiipeleke gundi hiyo kwenye manila. Manila ni ngumu, hurudi ilikokunjwa, na asubuhi utakuta pete zimefumuka sakafuni. Manila itie gundi nyeupe na uibane kwa kibanio cha nguo dakika 10, au piga stepla ukamilishe kazi.

Supa glu ibaki kabatini. Tunajua hugandisha ngozi, lakini wengi hawajui kwamba ikigusa pamba huchemka, na joto lake linaweza kuunguza kidole. Ndevu za Baba Krismasi ni pamba hiyohiyo! Paka gundi nyeupe kwenye kidevu, subiri kidogo inate, ndipo ubandike pamba iliyochambuliwa. Ukiibandika gundi ikiwa majimaji, pamba hulowa na ndevu hulala bapa. Gundi ya viatu nayo usiilete mezani kwa watoto: mvuke wake si wa kuvutwa.

Asiyetaka kununua apike gundi ya unga. Vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano vikorogwe kwa maji baridi, jumla kikombe kimoja, ndipo viwekwe kwenye moto mdogo na kukorogwa dakika 3 hadi 5 mpaka uji uwe mzito. Ukitia unga kwenye maji ya moto utapata mabonge. Inafaa sana kuvika baluni kwa vipande vya gazeti, tabaka 3, kila moja likikauka kabla ya jingine. Haimfai anayetaka kutunza pambo hadi mwakani, kwani mende na sisimizi huila, na ikibaki bakulini huvunda upesi.

Glita tunaipa alama ndogo. Hupenya kila mahali, machoni pia, na Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki ya kumwaga mnamo Oktoba 2023. Karatasi ya dhahabu ya pakiti ya majani ya chai, ikikatwakatwa, hung'aa vilevile na huokoteka.

Ukishanunua gundi nyeupe, chukua chupa kubwa, mgawie kila mtoto kiasi kidogo kwenye kizibo cha soda pamoja na njiti ya kupakia. Ikidondokea sare ya shule, ilowekwe papo hapo. Ikishakauka haitoki kirahisi.