Msonge wa madirisha ya skrubu: yaliyonikuta kando ya ziwa

Si kawaida yangu kuandika maoni ya hoteli, lakini hizi skrubu nne zinanikera kila nikifungua pochi, kwa hiyo leo nasema.

Ilikuwa likizo ya shule iliyopita. Nilimpeleka mama mkwe akapumzike ufukweni, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Tangazo lao lilisifia vibanda vya msonge, eti "ulale ukiwa kitu kimoja na ziwa". Mama kazaliwa kwenye msonge huko Magu, kwa hiyo njia nzima alikuwa anachekelea. Mimi nafundisha hisabati na duara nalipenda kwa sababu zangu. Chukua kamba ya mita 16: ukiizungusha mraba, unapata eneo la mita za mraba 16. Izungushe duara, zinazidi 20. Urefu wa ukuta ni uleule, nyumba imekua! Wazee wa Kisukuma walilijua hilo bila chaki.

Kwa nje, nakiri, pamependeza. Paa la nyasi limeshuka mpaka kifuani, upepo wa ziwa unateleza ubavuni na kwenda zake kwa kuwa hauna kona ya kugonga. Nyota tano nilishawapa kabla sijaingiza ufunguo.

Nikaingia. Juu, badala ya paa linalopanda mpaka kwenye ncha, kuna dari ya jipsamu, bapa kama meza, na taa za bluu kama za baa. Mama akainua macho, akauliza, "Sasa joto litapandia wapi?" Mwanafunzi wangu angeuliza hivyo ningempigia makofi. Msonge wote ni hilo: hewa ya moto inakimbilia kileleni, nyie huku chini mnabaki na ubaridi. Wenyewe wameziba. Kitanda nacho cha pembe nne kimeacha pengo ukutani, simu yangu ikatumbukia humo mara mbili. Haya, hayo nilisamehe.

Nikaenda kufungua dirisha la ziwani. Halifunguki. La nyuma, vilevile. Nikavaa miwani. Skrubu! Mbili kila fremu, zimekazwa na kupakwa rangi juu yake.

Yule kijana wa mapokezi nilimsalimia vizuri kabisa. Hakuinua macho kwenye simu.

"Mama, madirisha hayafunguliwi. Wadudu wa ziwani."

Nikamwambia wale wadudu hawaumi, na wavu wa dirisha mjini unauzwa kwa mita.

"Kiyoyozi si kipo?"

"Tangazo lenu linasema kitu kimoja na ziwa, mwanangu."

Hapo ndipo akanitazama. "Ziwa si mnaliona kwenye kioo? Mkitaka upepo kuna mabenchi nje. Mwisho saa mbili usiku."

Mabenchi yenyewe yamepangwa mstari, kama tunasubiri daktari. Mama akasema kwao jioni watu walikaa shikome, wamezunguka moto, hakuna anayempa mwenzake mgongo. Mtu anajenga nyumba ya duara halafu anawakalisha wageni foleni!

Saa tano usiku umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Ndani ya dakika chache chumba kikawa tanuri. Nikatoka na kanga kumtafuta mlinzi, mzee wa watu, alikuwa kakaa na kimoto chake cha mafiga matatu. Mama akanifuata, wakaanza Kisukuma chao, sijui alimwambia nini. Mzee akaja na kisu, akakwangua rangi, akatoa skrubu za dirisha la nyuma, kisha za mbele. "Yote mawili," akasema, "usiku upepo unatoka nchi kavu unakwenda majini."

Ukaja kweli. Uliingia nyuma, ukauzunguka ukuta, ukatokea ziwani. Tukasikia mawimbi, vyura, na wavuvi wa dagaa wakiitana. Taa zao zimetapakaa gizani kama kuna mji mwingine kule. Wadudu? Watatu, wanne. Mama alikoroma mpaka jua limetoka, yeye ambaye nyumbani huamka saa tisa kutafuta dawa ya magoti.

Nilikuwa nimeshawasamehe, naapa. Asubuhi kijana yuleyule ananiandikia risiti: uharibifu wa dirisha, shilingi 20,000. Nililipa kwa sababu mama alishapanda gari, na sikutaka mlinzi aulizwe.

Kwa hiyo nyota moja. Mlinzi ana tano zake. Nyumba yenyewe, ukiondoa dari, skrubu na mapokezi, sijaona chumba kitamu kama kile, na linaniuma kuliandika hili. Anayetaka kuona nyumba za mviringo zilizopewa heshima yake aende makumbusho ya Bujora, pale Kisesa. Msiende kule. Au nendeni, ila mwulizeni mlinzi kwanza.

Mama ameshauliza mara mbili tunarudi lini. Bisibisi nimenunua.