Siku nne Pine Ridge: tathmini ya ardhi ya wazi ya Nebraska kwa mwindaji wa bata mzinga

Mtu anayeishi Marekani na kupenda kuwinda, lakini hana shamba lake wala jamaa mwenye ranchi, hujikuta akiuliza mahali pa kuwindia kabla hajauliza habari ya bunduki. Katika jimbo la Nebraska swali hilo ni zito, kwa sababu karibu asilimia 97 ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Mwezi Mei mimi na rafiki zangu wawili, Musa na Barasa, tulitoka Omaha, jiji lililo mashariki mwa jimbo, tukaenda kuwinda bata mzinga kwa siku nne kwenye vilima vya Pine Ridge, pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo, tukitumia msitu wa taifa pamoja na mashamba ambayo wenyewe wameyafungua kwa wawindaji kupitia mpango uitwao Open Fields and Waters. Tathmini hii inahusu huduma hiyo: ramani zake, ardhi yenyewe, na mambo ambayo mtu anayeitegemea anapaswa kuyajua kabla hajajaza mafuta kwenye gari.

Mpango unasimamiwa na tume ya jimbo inayoshughulikia wanyamapori na hifadhi. Mwenye shamba hulipwa ili aruhusu watu wapite kwenye ardhi yake, na mwindaji mwenye kibali halali huingia kwa miguu bila kuomba ruhusa na bila kutoa hata senti moja langoni. Gari hubaki nje ya uzio. Gharama ya mwindaji ni kibali cha bata mzinga na stempu ya makazi ya wanyamapori, ambayo fedha zake husaidia kugharimia mpango huo huo, kwa hiyo anayenunua stempu anachangia moja kwa moja njia atakayopitia. Maeneo yote, ya serikali na ya watu binafsi, huwekwa pamoja katika kitabu kimoja cha ramani, Public Access Atlas, kinachochapishwa kila mwaka na kutolewa bure, na pia hupatikana kwenye intaneti.

Kitabu hicho ndicho sehemu bora ya huduma nzima. Usiku wa kuamkia safari tulikitandaza mezani, tukawasha kompyuta pembeni yake, na kwa saa tatu tukalinganisha kila kipande cha ardhi na picha zake za setilaiti. Kazi hiyo ni ya lazima, kwa sababu rangi kwenye ramani inakuambia kwamba unaruhusiwa kuingia, lakini haikuambii kwamba bata mzinga yupo. Mashamba mengi yaliyofunguliwa ni mbuga za nyasi tupu, mazuri kwa ndege wanaolala chini, ilhali bata mzinga hulala juu ya mti. Jioni anahitaji mti mkubwa wenye matawi ya kulalia, asubuhi anataka mahali peupe pa kujionyesha kwa majike, na mchana anatafuta maji na kivuli. Tulipotafuta sehemu zenye vitu hivyo vitatu kwa pamoja, mashamba yaliyotufaa yakabaki manne tu, na yote manne yalipakana na makorongo yenye misonobari.

Hapa niseme jambo lililotupotezea mchana mzima. Tulikuwa na programu moja ya ramani ya simu ambayo tunailipia kila mwaka, na programu hiyo ilituonyesha shamba la tano, zuri kuliko yote, lenye kijito na miti mirefu. Tuliendesha gari kwa karibu saa nzima kwenye barabara ya changarawe, na tulipofika langoni hatukuona kibao chochote cha mpango, bali seng'enge iliyokazwa vizuri na tangazo la kukataza watu kuingia. Kitabu kilichochapishwa hakikuwa na shamba hilo. Mikataba ya wenye mashamba huisha na kufanywa upya, na programu ile haikuwa imefuatilia mabadiliko. Tuligeuza gari bila kushuka. Namwambia kila atakayekwenda: simu ikisema hivi na kitabu cha mwaka huu kikisema vile, fuata kitabu, na hata kitabu kikikuruhusu, kibao kilichopigiliwa kwenye uzio ndicho chenye neno la mwisho. Kuingia kwenye ardhi ya mtu kwa kisingizio cha ramani iliyopitwa na wakati ni kosa la kisheria, na ni njia ya haraka ya kuwafanya wenye mashamba wajitoe.

Pine Ridge yenyewe ilinishangaza, kwa maana nilizoea Nebraska ya mahindi na tambarare. Kule kaskazini-magharibi, karibu na miji ya Chadron na Crawford, ardhi inainuka ghafla kuwa magenge ya mawe meupe na miteremko ya misonobari, na kati yake kuna makorongo membamba yenye majani mabichi. Msitu wa taifa una takriban ekari 50,000 katika vilima hivyo, na upande wa kaskazini kuna ardhi ya taifa ya nyasi iitwayo Oglala yenye ekari zaidi ya 90,000. Sehemu kubwa ya misonobari iliungua katika mioto ya mwaka 2012, na mpaka leo utapita kwenye vilima vizima vya magogo meusi yaliyosimama bila tawi. Tusidhani kwamba sehemu hizo hazina faida. Nyasi zimerudi kwa nguvu, na ndege hutoka kwenye miti iliyosalia wakaenda kula humo.

Bata mzinga wa huko ni wa jamii ya Merriam, na hawakuwa wenyeji wa vilima hivyo. Mwaka 1959 waliachiliwa ndege 28 tu, waliokamatwa katika majimbo jirani ya South Dakota na Wyoming, na mwaka 1962 tayari walikuwa wameongezeka kiasi cha kuruhusu msimu wa kwanza wa kuwinda. Nilipokuwa nimekaa chini ya mti nikiwasikia madume watatu wakiitikiana ng'ambo mbili za korongo, sikuacha kuifikiria ile idadi ya 28.

Majira ya saa ya Chadron yapo nyuma ya yale ya Omaha kwa saa moja, na anayepanga kuamka mapema azingatie hilo, hasa kama saa yake ya mkono hairekebishwi na mtandao. Sheria inaruhusu kuanza kuwinda nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuendelea hadi jua linapozama. Mwanzoni mwa Mei maana yake ni kwamba saa kumi na moja na robo alfajiri uwe umeshakaa, umetulia, na jasho la kupanda mlima limekauka. Tuliamka saa tisa na nusu usiku kila siku.

Asubuhi ya kwanza tulifika kwenye maegesho ya msitu tukakuta gari la mtu mwingine. Tungeweza kuingia, kwa kuwa ardhi ni ya wote, lakini tuliondoka tukaenda korongo la pili. Huo ni utaratibu ambao haujaandikwa popote, na bila huo ardhi ya umma haiwezekani. Katika uwindaji huu mtu hujificha kabisa, huvaa nguo za mabaka kuanzia kofia hadi glavu, na huiga sauti ya jike ili dume aje. Kwa hiyo sauti ya jike unayoisikia mbele yako huenda ni ya mwanadamu aliyeshika kiboksi cha kuigia sauti hiyo. Kamwe usiinyatie sauti. Usivae wala usibebe kitu chochote chekundu, cheupe au cha buluu, hata leso mfukoni, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Keti ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja, mwite kwa sauti kubwa, usimpungie mkono. Barasa, ambaye hii ilikuwa safari yake ya kwanza, tulimrudishia maneno hayo mpaka akayasema yeye mwenyewe.

Siku mbili za mwanzo hatukupata kitu, na sababu ilikuwa ileile kila asubuhi. Madume yalikuwa yanawika juu ya miti gizani, tena yaliitikia hata Musa alipoiga mlio wa bundi, ndege ambaye kwetu mtu humfukuza asilie karibu na nyumba. Lakini yaliposhuka chini yalikwenda na majike yaliyolala nayo. Kwa kawaida ya viumbe hawa, jike ndiye anayemfuata dume, nasi tunajaribu kumfanya dume avunje desturi yake. Dume mwenye majike pembeni hana haja ya kuvunja chochote. Wenyeji wa uwindaji husubiri mpaka saa nne au saa tano asubuhi, majike yanapokwenda kutaga na kuatamia, dume akabaki peke yake. Nebraska haimlazimishi mwindaji kuacha adhuhuri, na kwangu hiyo ni faida kubwa ya jimbo hili kwa mtu aliyesafiri mbali.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye shamba moja la mpango, ukingoni mwa malisho ya ng'ombe. Tulikutana na mwenyewe barabarani kabla hatujaingia. Alituuliza tu tunawinda nini, akatuomba tuliache lango kama tutakavyolikuta, kwa kuwa ndama walikuwa wangali wadogo. Saa nne na dakika chache Musa alipaka chaki kifuniko cha kiboksi chake cha mbao, akakisugua mara tatu taratibu, kisha akanyamaza kwa robo saa. Dume halikuwika tena. Tulichokisikia ni mvumo mzito, kama ngoma inayopigwa kijiji cha mbali, mvumo unaousikia kifuani kabla ya masikioni, halafu ncha za mbawa zikikwaruza sindano kavu za misonobari. Alitokea hatua kama thelathini kutoka tulipokuwa, mkia umefunguka wote, ncha za manyoya yake nyeupe kama malai, utosi mweupe, uso wa buluu, shingo nyekundu. Musa alitamka Bismillahi, akasubiri ndege akunje mkia na kuinua shingo, akafyatua bunduki yake ya marisau. Alimkuta bado ana uhai, akamchinja palepale. Ndevu za kifuani zilikuwa ndefu na nzito, na vipi vya miguuni vilikaribia inchi moja, kwa hiyo hakuwa pora bali jogoo aliyekomaa.

Kila ndege aliyeuawa lazima aripotiwe kupitia mfumo wa Telecheck, na sharti hilo lilianza mwaka 2023, pamoja na kupunguza vibali vya msimu wa machipuko kutoka vitatu hadi viwili kwa mwindaji, na kuweka kikomo cha vibali 10,000 kwa wanaotoka nje ya jimbo. Nimewasikia wawindaji wakilalamikia vikwazo hivyo. Mimi naviunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa bata mzinga wamepungua katika sehemu nyingi za Nebraska, na hakuna njia ya kuwagawa kwa haki bila kujua wangapi wanachukuliwa. Kuripoti kwenyewe ni kwa dakika chache, ila makorongoni simu haishiki mtandao, na tulilazimika kupanda hadi barabarani.

Mambo ya kujiandaa nayo ni haya. Kutoka Omaha ni safari ya saa saba hivi, na mvua ikinyesha baadhi ya barabara za udongo hugeuka tope linalonata kiasi kwamba gari dogo halipiti. Maji ya kunywa bebeni yote, lita nne kwa mtu kwa siku hazikutuzidi. Kupe ni wengi ajabu mwezi Mei. Kila jioni tulikagua miili yetu kwa tochi, nyuma ya magoti na kwenye mkanda wa suruali, na hakuna siku tuliyokosa kuwatoa. Kuna pia nyoka mwenye njuga mkiani, hivyo usiweke mkono juu ya jiwe usiloliona. Kupiga kambi ndani ya msitu wa taifa, mbali na viwanja maalumu vya kambi, ni bure, na usiku wa huko ni baridi kuliko unavyotegemea ukiangalia joto la mchana.

Kuhusu wakati, msimu wa bunduki huanza katikati ya Aprili na kufungwa tarehe 31 Mei. Wikendi ya ufunguzi magari hujaa kila maegesho. Sisi tulikwenda kati ya Jumatatu na Alhamisi, na baada ya asubuhi ile ya kwanza hatukukutana na mwindaji mwingine. Majani ya mwezi Mei hupunguza umbali wa kuona, lakini pia yanakuficha, na majike mengi huwa yameshaanza kuatamia.

Barasa hakupata ndege safari hii. Alimwita dume mmoja hadi hatua hamsini siku ya nne, akaona ni mbali mno kwa marisau yake, akaishusha bunduki. Korongo lile tumelitia alama ya kalamu kwenye kitabu, na Agosti kitakapotoka kitabu kipya tutaangalia kwanza kama mwenye shamba lililo jirani nalo bado amelifungua.