Kadi za Sigara Zenye Picha za Kijeshi: Ununue Ipi Kwanza?

Anza na seti kamili ya John Player & Sons (au Player's), kampuni ya sigara ya Uingereza, ya miaka ya 1930. Wengi walio wageni katika ukusanyaji huu hukimbilia kadi moja moja za kale, kisha hujikuta na vipande vilivyopunguzwa kingo na visivyo na wenzake.

Kadi hizi awali zilikuwa kipande kigumu cha kuikaza pakiti laini ili sigara zisivunjike. Katika miaka ya 1880 Allen & Ginter, watengenezaji wa sigara wa Richmond, Virginia, Marekani, walikuwa tayari wanazichapa picha. Uingereza zilikoma mwaka 1940, karatasi ilipoadimika kwa ajili ya vita.

Nafasi ya kwanza naipa Military Uniforms of the British Empire Overseas ya Player's, kadi 50 za mwaka 1938. Zilichapishwa kwa wingi mno, kwa hiyo hata seti safi haina bei ya kutisha. Jirani yake, Uniforms of the Territorial Army ya 1939, inafaa vilevile. Ila kuwa mwangalifu na gundi: kadi nyingi za miaka hiyo zina gundi kavu mgongoni ili zibandikwe kwenye albamu. Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, unyevunyevu wa pwani utazigandisha zote kama tende. Tenganisha kila kadi kwenye mfuko wake wa plastiki isiyo na PVC (aina ya plastiki inayoweza kuharibu kadi). Zilizokwisha bandikwa usizinunue kwa bei ya zilizo huru, maana mgongo umefichwa, na nusu ya utamu wa kadi ni maelezo ya huko nyuma.

Ya pili ni Regimental Uniforms, pia ya Player's. Kadi 50 za 1912 zina toleo la mgongo wa buluu na la mgongo wa kahawia, na 1914 zikaongezwa za namba 51 hadi 100. Wauzaji wengine huziba mapengo kwa kuchanganya rangi hizo mbili. Omba picha ya migongo yote kabla ya kulipa.

Moyo wangu uko kwenye ya tatu: mashujaa wa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, wa kampuni ya sigara ya Gallaher, wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Humo askari si sare tu. Ana jina, na kitendo chake kimesimuliwa. Nimeishusha kwa sababu moja: mifululizo minane ya kadi 25 ni kadi 200, na kuzikamilisha kunachosha. Nunua mfululizo mmoja mmoja.

Military Motors ya Wills, kampuni nyingine ya sigara ya Uingereza, 1916, ni ya mpenda magari.

Waterloo ya Wills ya 1915, kuhusu vita ambamo Waingereza na washirika wao waliwashinda Wafaransa mwaka 1815, mwachie mkusanyaji mzoefu. Ilichapwa lakini haikutolewa, kwa kuhofia kuwaudhi Wafaransa waliokuwa washirika vitani, na kadi adimu namna hiyo huwavuta waghushi.

Kadi ikifika, ipime kwa rula. Ya kawaida ni takribani milimita 68 kwa 36. Iliyo fupi kuliko wenzake imekatwa kuficha pembe zilizochakaa. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Ukiona nukta za rangi zimejipanga kwa mpangilio sawa kama za gazeti la leo kwenye kadi ya 1912, irudishe, maana ni nakala ya kisasa.