Humira 40 mg kwa mnywaji: kalamu haina ugomvi, angalia vidonge

Humira (adalimumabu, ya AbbVie), dawa inayochomwa kwa sindano ya umbo la kalamu, ilipata kibali Marekani mwishoni mwa 2002 kwa baridi yabisi, kisha 2008 kwa soriasisi (ugonjwa wa mabaka ya ngozi). Wengi wakiandikiwa huuliza swali moja kwa sauti ya chini: na bia je?

Kwa upande wa dawa yenyewe jibu ni jepesi. Adalimumabu ni protini. Mwili huimeng'enya kama protini nyingine yoyote, haitegemei vimeng'enya vya ini vinavyohangaika na pombe, na hakuna mgongano wa moja kwa moja unaojulikana kati ya hizo mbili. Ndiyo maana kuruka sindano kisa Jumamosi kuna harusi ni kujipunja bure. Baada ya wiki mbili hivi nusu ya dozi bado imo mwilini, kwa hiyo ukiruka hujaiondoa dawa, umeidhoofisha tu. Ukizoea kurukaruka, mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe, na mabaka yakirudi huenda yasiitii tena.

Mchawi ni kidonge kinachoandamana nayo. Wengi wa baridi yabisi hupewa pia methotreksati, mara moja kwa wiki, na hiyo inagombana na pombe kwenye ini. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017, wenye wagonjwa 11,839 wa baridi yabisi wanaotumia methotreksati, haukuona ongezeko la hatari kwa ini kwa waliokunywa chini ya yuniti 14 kwa wiki. Juu ya 21, hatari ilipanda waziwazi. Yuniti moja ni mililita 10 za alkoholi tupu. Bia ya 500 ml yenye 5% ni yuniti 2.5, yaani bia tano kwa wiki nzima na imebaki kidogo. Konyagi ni 35%: kichupa cha 200 ml ni yuniti 7, viwili vimekula wiki yako. Gongo na chang'aa hazihesabiki, maana hakuna ajuaye ukali wake.

Hizo 14 ni dari, tena za kugawa kwa siku kadhaa, si za kufungia kazi Ijumaa usiku. Mwenye soriasisi ajibane zaidi, hasa akiwa na uzito mkubwa, kisukari au mafuta kwenye ini. Na pombe nyingi huchochea mabaka yenyewe. Pima damu ya ini kwa ratiba ya kliniki, na usinywe siku mbili tatu kabla ukitaka majibu yasiyokuchanganya. Idadi halisi ya chupa mwambie daktari. Ukimpunguzia, ALT (kipimo cha ini kwenye damu) ikipanda atailaumu dawa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kona nyingine ya kuangalia. Humira inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, hivyo kabla ya kuanza hupimwa, na mwenye maambukizi yaliyojificha hupewa isoniazidi, mara nyingi kwa miezi 6. Hapo hakuna hesabu ya yuniti: acha pombe kabisa. Vyote viwili huumiza ini na mishipa ya fahamu. Mkojo ukiwa rangi ya chai, macho ya manjano au chakula kikakuchefua, simamisha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi ya nyayo nayo isipuuzwe, uliza kama umepewa vitamini B6.

Kalamu yenyewe ni kifaa kizuri, hasa toleo la 0.4 ml lisilo na sitrati, linalouma kidogo. Kasoro yake ni joto: siku 14 nje ya friji ni kwa 25°C tu, na chumba cha Dar au Mombasa huvuka hapo mchana. Iweke rafu ya kati, 2 hadi 8°C. Friji ikijazwa kreti ya sikukuu, kalamu husukumwa hadi ukuta wa nyuma ikaganda. Iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka.

Usichome ukiwa umelewa. Bonyeza na ushikilie bila kuinua, hesabu polepole hadi dirisha lijae manjano na rangi iache kusogea. Tone dogo ni kawaida. Dawa ikitiririka pajani umeinua mapema. Usichome ya pili kufidia, piga simu kliniki.

Na homa ya asubuhi usiipe jina la uchovu wa pombe ya jana. Kichwa na kiu ni vya pombe, lakini 38°C si vyake: usichome dozi inayofuata mpaka daktari akuone. Kikohozi cha wiki mbili chenye jasho la usiku, nenda na kopo la makohozi.