Uzoefu wangu na seti ya kuziba meno kwa mkono: miaka mitatu ya kijiko na kishoka

Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya cha kijijini, Tanzania. Kwa miaka mitatu sasa meno mengi ninayoziba nayaziba kwa mkono. Umeme hukatika, kompresa (pampu ya hewa ya kuendeshea mashine ya kuchongea meno) ikiharibika fundi hadi atoke mjini, na siku za kwenda mashuleni mashine haibebeki kwenye pikipiki. Seti ya mkono inaingia kwenye begi la mgongoni.

Njia yenyewe, inayoitwa ART, yaani kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino kwa simenti ya meno bila mashine, ilianzia hapahapa kwetu katikati ya miaka ya 1980, kwenye programu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Kwa hiyo nikisikia mtu anaiita dawa ya maskini, huwa inaniuma.

Katika seti kuna kioo, kichunguzi, kibanio, kishoka (kifaa chembamba chenye makali cha kupanulia tundu), vijiko vitatu vya kukwangulia uozo na kisu kidogo cha kuchongea simenti. Kazi kubwa iko kwa kishoka na vijiko. Mwezi uliopita nilimhudumia binti wa darasa la tatu, gego la chini limetoboka kitundu kidogo tu kwa juu. Nilipachika ncha ya kishoka kwenye kitundu nikaizungusha huku na huku; enameli, lile ganda gumu la nje la jino, iliyokuwa inaning'inia bila kitu chini yake ikamomonyoka, mlango ukapanuka. Kisha kijiko kidogo, cha milimita 1, kuzunguka pembezoni chini ya enameli, maana huko ndiko uozo hujificha. Uozo hutoka laini, wa kahawia, kama maganda ya kiazi kilichochemka. Ukifika kwenye sehemu ya jino isiyooza mkono unajua: kijiko kinaanza kukwaruza, krrr, na hakibebi kitu. Sakafuni mwa tundu, karibu na moyo wa jino wenye mishipa ya fahamu, nabadilisha kijiko kikubwa, kwa sababu kidogo kinaweza kutoboa. Sikumchoma ganzi. Nilipomaliza kukandamiza simenti kwa kidole chenye vaselini nikamwambia, "Mwanangu, usile kwa saa nzima." Akauliza, "Daktari, kumbe tumemaliza?"

Sasa ubora. Seti yangu ya kwanza ni ya chuma kizuri, mpini mnene wenye mikwaruzo inayoshika hata glavu ikilowa. Ya pili niliinunua kwa bei ya chini kwenye duka moja la vifaa, na najuta. Ndani ya wiki chache makali ya kijiko yalijikunja, na kichwa cha kishoka kikaanza kucheza kwenye mpini. Kifaa butu ni hatari kuliko kikali: unaongeza nguvu, kinateleza, kinamchoma mtoto ufizi. Seti ile nimeiacha kabisa.

Kabla ya kununua, jaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba. Ukiburuta bila kubonyeza na kikashika, ni kikali, kikiteleza, kirudishe. Soma pia namba za kwenye mpini: 10-7-14, kwa mfano, maana yake makali yana upana wa sehemu 10 za kumi za milimita, yaani milimita 1, urefu wa milimita 7, na namba ya mwisho ni pembe yake. Namba hizo ndizo utakazompa muuzaji siku unapotaka kifaa kilekile.

Kunoa ni lazima. Natumia jiwe laini la Arkansas na tone la mafuta. Kishoka nakilaza upande wake wa mshazari. Kijiko nakisugua kwa mgongo wake wa mviringo, kutoka katikati kuelekea ukingoni. Na tafadhali, usiviache vifaa kwenye maji ya klorini zaidi ya dakika 10. Nimewahi kusahau vijiko humo usiku kucha, asubuhi nikavikuta na madoa ya kutu.

Nisifiche: seti hii si ya kila jino. Lenye usaha au linalouma usiku kucha, rufaa. Matundu ya katikati ya meno mawili nayo simenti yake haidumu kama ya juu ya gego.

Kijiko changu kidogo kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba kama ukucha. Wiki hii nimeagiza kingine, namba ileile.