Akses pointi ya darini: waifai haina shida, ila angalieni upande wa menejimenti na swichi

Nimekaa na hii akses pointi (kifaa cha kurusha waifai) muda wa kutosha sasa, ni zile za kubandika darini zinazokula umeme kwenye waya huohuo wa network, na nimeona niandike manake review nyingi mtu anasimama chini ya kifaa anapima spidi afu anamwaga nyota tano. Spidi iko poa, sina neno. Mi nataka kuongelea pale pasipoguswa, yaani unavyoingia kwenye kifaa kukiseti na unavyokiunga na swichi (kile kisanduku cha poti kinachounganisha waya za network), hapo ndo utajua kama umenunua kifaa au umenunua kazi.

Kuingia mara ya kwanza ni rahisi. Inaomba IP (anwani yake kwenye network) kwa DHCP, yaani inagawiwa na network yenyewe, ikikosa inatumia anwani ya kiwandani iliyoandikwa kwenye stika ya nyuma. Hiyo stika ipige picha kabla hujapandisha kifaa juu, MAC adresi (namba ya utambulisho wa kifaa) iko pale na ndo utaitafutia kwenye orodha ya rauta. Brauza itapiga kelele kwamba ukurasa si salama, ni kwa vile cheti kimesainiwa na kifaa chenyewe, endelea tu. Kabla ya chochote inakulazimisha ubadilishe paswedi ya admin, hapo nimewapa heko, na Telnet, ile njia ya zamani isiyo salama ya kuingia kwa amri, imezimwa tangu kiwandani, ukitaka SSH, ile iliyo salama, unaiwasha mwenyewe. Sasa kitu kilichonikera, SNMP (njia ya kusoma hali ya kifaa kwa mbali) imekuja imewashwa na neno lake la siri ni lile lile "public" ambalo dunia nzima inalijua, kwa hiyo yeyote aliyeko kwenye network anaweza kusoma habari za kifaa chako. Nimeizima. Na ile setingi ya kuzuia menejimenti kupitia waifai ipo, ila wameificha ndani kabisa na imekuja ikiwa wazi, shika simu iliyoungwa waifai ya wageni, andika IP ya kifaa, utaona ukurasa wa kulogin unafunguka kama kawaida!

Tuje kwenye swichi. Mi nina VLAN tatu (yaani network zilizotenganishwa ndani ya vifaa hivyohivyo), 10 ya menejimenti, 20 ya watu wa ndani, 30 ya wageni, na zote zinapita kwenye waya mmoja, kwa hiyo poti ya swichi lazima iwe trunki, yaani inayobeba VLAN nyingi, ukiiacha akses ya kawaida inayobeba moja tu, waifai ya wageni itaonekana vizuri tu kwenye simu ila mtu akiunga hapati IP, anabaki anazungushwa. 20 na 30 nimezipitisha na tagi (alama ya namba ya VLAN), 10 nimeiacha bila tagi kama native, yaani ile inayopokea chochote kisicho na tagi. Najua kuna watu watabisha, wanasema menejimenti nayo iwekewe tagi, na wana hoja, kwa sababu mtu akichomoa waya kwenye akses pointi akachomeka laptopu yake anatua moja kwa moja kwenye VLAN ya menejimenti. Lakini ukiiacha bila tagi, siku kifaa kikiresetiwa kikarudi cha kiwandani kinapata IP palepale na unakifikia bila kupanda ngazi. Yangu iko juu mtu hafiki hivi hivi, nimechagua urahisi. Ingekuwa ukutani kwenye korido ningeweka tagi bila kufikiria mara mbili.

Na hapa ndo hiki kifaa kimenifurahisha kweli. Ukibadilisha VLAN ya menejimenti hakihifadhi papo hapo, kinakusubiri ulogin tena kwa njia mpya, usipotokea kinarudisha setingi za zamani. Nikakijaribu makusudi, nikakiambia kihamie VLAN ambayo poti ya swichi haiijui kabisa, nikaacha ping (kile kipimo cha kuona kama kifaa kinajibu) inakimbia pembeni. Ping ikakata, kimya, huku simu yangu iliyoko kwenye waifai ya ndani inaendelea na intaneti kama hamna kilichotokea, afu baada ya dakika chache ping ikaanza kujibu yenyewe, VLAN ya zamani imerudi. Wale mnaosimamia vifaa vilivyo mbali mnajua hicho ni kitu gani.

Umeme sasa, hapa wameniudhi. Poti ya 802.3af, kiwango cha zamani cha kupitisha umeme kwenye waya wa network, inatoa wati 15.4, na kwa hesabu ya upotevu kwenye waya kifaa kinahesabiwa 12.95, wakati hii inataka 802.3at, kiwango chenye nguvu zaidi, yaani 30 kwenye poti na 25.5 kwenye kifaa. Ukiiunga kwenye af inawaka, taa ya bluu, kila kitu, kumbe imepunguza nguvu ya waifai ya 5 GHz kimyakimya, na pa kuona hilo ni mstari mmoja mdogo kwenye ukurasa wa status. Nyota moja nimeikata hapo hapo. Kwenye swichi yangu poti ilikuwa at kabisa ila LLDP (njia ya vifaa kuambizana mahitaji yao) imezimwa, nilipoiwasha vikaelewana na wati zikapanda. Angalia pia bajeti nzima ya swichi, poti 8 zenye jumla ya wati 60 zinalisha vifaa viwili tu vya aina hii. Na msichanganye na zile adapta za passiv za volti 24, hizo zinasukuma umeme bila kuuliza.

Waya nao uwe na jozi zote nne nzima, ikikatika moja poti inaweza kushuka hadi 100 Mbps na utalaumu waifai bure.

Ukimaliza chukua bakapu. Ila ukilifungua lile faili kwa notipadi utakuta paswedi za waifai zimekaa wazi kabisa, kwa hiyo usiliache limelala kwenye folda ya vilivyopakuliwa.